Namna ya kumsaidia mtoto anayepata shida ya kujifunza kwa chakula na mazoezi: mwongozo kwa wazazi wa Bukavu

Kila mwaka, karatasi za kwanza za matokeo zinapofika nyumbani, kuna wazazi wa Kadutu, Bagira na Ibanda wanaosoma habari ileile waliyoisoma mwaka uliopita: mtoto hajui kusoma, hakumbuki hesabu za jana, au hawezi kuketi mahali pamoja hata dakika kumi. Majirani huwa na majibu tayari. Mmoja atasema mtoto amerogwa, mwingine atasema ni mvivu, na wa tatu atakuelekeza kwenye duka la dawa panapouzwa shurubati ya kuongeza akili. Mimi mwenyewe nilinunua chupa mbili za shurubati hiyo kwa ajili ya mwanangu wa pili, alipokuwa darasa la tatu, na kitu pekee kilichoongezeka nyumbani kilikuwa deni langu. Ninayoandika hapa ni yale ambayo ningependa kuambiwa siku ile kabla ya kufungua pochi.

Mzazi aelewe kwanza kwamba hakuna chakula wala zoezi linalomfundisha mtoto kusoma. Disleksia, yaani ugumu wa kuunganisha herufi na sauti zake, huanzia katika namna ubongo wa mtoto ulivyojengwa, na dawa yake ni mafundisho ya kusoma yanayokwenda hatua kwa hatua, kwa kurudiarudia, bila kuchoka. Hata hivyo, mtoto mwenye disleksia ambaye pia ana upungufu wa damu, minyoo, njaa ya asubuhi na usingizi mfupi, amebebeshwa mizigo mitano, na minne kati ya hiyo mzazi anaweza kuipunguza mwenyewe.

Kabla ya kubadilisha chakula

Mpeleke mtoto kwenye kituo cha afya, apimwe macho, masikio na damu. Kabla ya hapo unaweza kumjaribu nyumbani: mfunike jicho moja na umwombe akutajie herufi au picha za tangazo lililo ng'ambo ya barabara, kisha ubadilishe jicho, simama nyuma yake hatua mbili na umtajie kwa sauti ya chini majina ya vitu vitatu ayarudie. Jaribio hilo halichukui nafasi ya mganga wa kituo cha afya, ila linakuonyesha pa kuanzia. Mweleze mganga pia kama mtoto huwa anaganda ghafla kwa sekunde chache, macho yakiwa wazi, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Wengi huita hali hiyo kuwaza mbali, nayo inaweza kuwa aina ya kifafa inayotibika.

Kuna jambo lingine ambalo sisi wa Bukavu hulisahau kwa sababu tumelizoea. Mtoto husema Kimashi na nyanya yake, Kiswahili barabarani, halafu anaketi darasani na kukuta ubao umejaa Kifaransa. Akishindwa kusoma, inawezekana kinachomshinda ni lugha tu. Mjaribu kwa Kiswahili, ambacho herufi zake husomeka karibu kila mara kwa namna moja. Ikiwa baada ya miezi kadhaa ya mazoezi bado anababaika hata na silabi za *ba, be, bi*, huku akikusimulia hadithi ndefu kwa ufasaha, hapo shida yake inaelekea kuwa ya kusoma kwenyewe.

Mwanangu alipimwa damu akakutwa na gramu 9.2 za hemoglobini, yaani kile kinachoipa damu wekundu wake, kwa kila desilita ya damu, wakati mtoto wa umri wa miaka 5 hadi 11 anatakiwa afikishe angalau 11.5. Mwalimu wake alikuwa amemwita mzembe mwaka mzima.

Chakula

Upungufu wa madini ya chuma humchosha mtoto na kumpunguzia umakini hata kabla midomo yake haijaanza kupauka. Huku kwetu chuma kinapatikana katika maharagwe, maini, nyama, lengalenga na sambaza. Samaki hao wadogo hawakuwa wa Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio msaada mkubwa wa jikoni kwa mwenye mfuko mdogo, kwa kuwa huliwa wazima, mifupa na kichwa, hivyo mtoto hupata protini, kalisi, zinki na chuma kwa pamoja. Tatizo ni kwamba watoto wengi hukataa vichwa. Mimi huwakausha sambaza tena juani, nawakaanga kwenye sufuria kavu bila mafuta hadi wavunjike kwa vidole, kisha nawatwanga na kuchekecha unga. Nilianza kwa nusu kijiko cha chai katika bakuli la uji, kwa sababu siku ya kwanza nilitia kijiko kizima cha kulia na mtoto akanusa, akaliweka bakuli chini, akaondoka. Baada ya wiki mbili alikuwa akila kijiko kizima bila kuuliza.

Uji wenyewe uwe wa sosoma, mchanganyiko wa soya, mtama na mahindi. Unga wa madukani ni mzuri, lakini wa nyumbani ni nafuu: vikombe vitatu vya mahindi na mtama kwa kikombe kimoja cha soya. Soya ikaangwe hadi ibadilike rangi na kutoa harufu kama ya karanga kabla ya kusagwa, kwa kuwa soya mbichi huzuia tumbo kumeng'enya protini.

Chuma cha maharagwe na majani hakiingii mwilini kirahisi kama cha nyama au samaki, na hapa ndipo wengi wetu huharibu kazi nzuri kwa kikombe cha chai. Chai, iwe ya rangi au ya maziwa, ikinywewa pamoja na chakula hukifunga chuma na kukipitisha tumboni bila faida. Mtoto anywe maji wakati wa kula. Akitaka chai, asubiri saa moja au mbili. Badala yake mpe kitu chenye vitamini C katika mlo uleule: limau lililokamuliwa juu ya maharagwe, pera, chungwa, au nyanya mbichi. Maharagwe yalowekwe usiku kucha na maji yake yamwagwe, jambo ambalo pia huokoa makaa. Vidonge vya chuma usimpe mtoto kwa kukisia, wala usiviache mahali ambapo mdogo wake anafika, maana vikizidi ni sumu. Na ikiwa ana minyoo, utakuwa unawalisha minyoo. Omba dawa yake kwenye kituo cha afya.

Juu ya chumvi nitasema zaidi kidogo. Kisiwa cha Idjwi, tunachokipita kwa meli tukienda Goma, kilijulikana kwa madaktari tangu miaka ya 1960 kwa wingi wa watu wenye rovu, yaani uvimbe wa shingo unaoletwa na ukosefu wa iodini. Udongo wake una iodini kidogo sana, na muhogo usiolowekwa vya kutosha huizuia hata ile kidogo iliyopo isitumike mwilini. Iodini, ambayo wengine huiita madini joto, ikikosekana tumboni mwa mama na katika miaka ya kwanza, ubongo wa mtoto hudhurika kwa namna isiyorekebishika. Ikikosekana baadaye, mtoto huwa mzito na mwenye kulala. Kwa hiyo mama mjamzito ndiye wa kwanza kulindwa. Nunua chumvi iliyofungwa kwenye pakiti iliyoandikwa kwamba ina iodini, usinunue ile ya mafungu iliyokaa wazi sokoni; ihifadhi katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na mvuke, na uitie chunguni mwishoni chakula kinapokaribia kuiva.

Muhogo nao una habari yake. Uchunguzi uliofanywa katika eneo la Kahemba, kusini-magharibi mwa nchi yetu, na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba watoto wenye konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaoletwa na sumu ya muhogo mchungu, walikuwa dhaifu pia katika kukumbuka na kujifunza, na kwamba hata watoto wa eneo hilohilo ambao miguu yao ilikuwa mizima walionyesha dalili za udhaifu huo. Sisemi tuache bugali, nani angenisikiliza? Muhogo mchungu ulowekwe siku tatu kamili au zaidi, kisha ukaushwe juani. Ikiwa unanunua unga usioujua ulivyotengenezwa, uchanganye na maji uwe mzito, uutandaze kwenye mkeka kwa unene usiozidi sentimita moja, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini, ndipo usonge bugali. Sombe itwangwe na ichemshwe kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi.

Asubuhi ndiyo saa ya kushughulikia kuliko zote. Mtoto anayepanda mlima kwenda shule bila kula kitu, akategemea mlo wa saa nane, hawezi kusikiliza saa nne. Bakuli la uji, au hata viazi vitamu vilivyobaki jana, vinatosha, mradi ale kila siku. Kuhusu sukari, wazazi wengi huamini kwamba ndiyo inayomfanya mtoto arukeruke. Uchunguzi uliopimwa kwa uangalifu haukuthibitisha hivyo. Ipunguze kwa ajili ya meno yake.

Mazoezi

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 kwa siku za mwendo unaofanya moyo udunde. Mtoto wa Bukavu anayepanda na kushuka miteremko yetu kwa miguu ana sehemu ya hizo tayari, kwa hiyo kinachobaki ni kupanga wakati. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichapisha matokeo ya watoto 20 waliotembezwa kwa haraka dakika 20: baada ya hapo umakini wao na kuelewa kwao wanachosoma kulikuwa bora kuliko walipopimwa baada ya kukaa tu. Watoto 20 ni wachache, lakini jambo lenyewe halina gharama. Mruhusu acheze kamba au mpira dakika 20, anywe maji, apumue dakika tano, ndipo afungue daftari.

Kumtuma maji ni mazoezi pia, ila bidoni ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, karibu sawa na mtoto mwenyewe wa miaka minane. Lita tano zinamtosha.

Zoezi ambalo limetusaidia kuliko mengine linaunganisha miguu na silabi. Chora kwa mkaa viboksi sita uani, kila kimoja na silabi yake: *ba, ka, la, sa, ma, ta*. Taja neno, kwa mfano *kasa* au *taka*, na mtoto aruke kutoka kiboksi hadi kiboksi akitamka kila silabi anapotua, kisha akaliandike kwa kidole mchangani. Siku nyingine mcheze bila kuandika: mwulize, "Ukiondoa *sa* kwenye *sambaza*, inabaki nini?" Mwanangu alikaa kimya muda mrefu siku ya kwanza, akajibu, "Baba, inabaki samaki." Tulicheka wote, lakini jibu lile lilinionyesha kwamba sauti za neno hazikuwa zikimfikia kabisa. Dakika kumi kila siku zina faida kuliko saa nzima Jumamosi.

Mtoto mwenye mwandiko uliovunjika asiongezewe kurasa za kunakili kabla vidole havijapata nguvu. Mpe maharagwe mabichi ayamenye, nguo za kukamua, udongo wa kufinyanga, na vifungo vya shati lake avifunge mwenyewe hata kama mnachelewa. Yale mazoezi ya kupitisha mkono wa kulia kwenye goti la kushoto, ambayo husifiwa kwamba yanaunganisha pande mbili za ubongo, hayajaonyeshwa kuleta kusoma. Ukiyapenda kama michezo, sawa.

Asiyeweza kutulia afanye kazi dakika kumi, kisha umtume alete kitu, arudi kwa dakika kumi nyingine. Waombe walimu wasimnyime mapumziko kama adhabu, kwa kuwa huyo ndiye anayeyahitaji kuliko wenzake.

Usingizi uwe saa 9 hadi 12 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12. Kuna watoto ambao tangu Februari 2025, vita vilipoingia mjini, hulala kwa vipande na kushtuka mlango ukigongwa. Kwa hao kamba na uji havitoshi. Hapa mjini kituo cha SOSAME kinahudumia afya ya akili, na mwenye ulemavu wa viungo au wa kusikia anaweza kupelekwa kituo cha Heri Kwetu.

Weka daftari dogo: alichokula asubuhi, saa alizolala, mazoezi, na mistari aliyoisoma. Baada ya miezi mitatu rudi nalo kwenye kituo cha afya, damu ipimwe tena, na kama aliandikiwa vidonge vya chuma usivikatishe kabla mganga hajasema, hata mtoto akionekana ana nguvu. Mwanangu alirudi na gramu 11.8. Hasinzii tena darasani na hesabu zake zimepanda, ila kusoma kwake bado ni kwa polepole, kidole kikifuata mstari. Tuliomba asomewe maswali ya mtihani kwa sauti. Mwalimu amekubali kwa hesabu, kwa Kifaransa bado anakataa, na mwezi ujao nitarudi kumwomba tena.