Namna ya Kukadiria Kusambaa kwa Dumuzi kutoka Tabora hadi Kigoma

Dumuzi, mdudu wa ghalani mwenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati, alianza kuonekana mkoani Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, akiharibu mahindi na makopa ya muhogo vihengeni, na kufikia mwaka 1984 alikuwa amekwisha kugundulika Kenya na Burundi.

Ili kukadiria mwendo wake, andika kwa kila kijiji mwaka alioonekana mara ya kwanza na umbali kutoka alikoanzia, kisha uchore umbali dhidi ya miaka. Mteremko wa mstari utakaopatikana ndio kasi, ingawa mwaka wa kugundulika huwa nyuma ya mwaka wa kuingia, na mkulima akiulizwa kwa utaratibu anaweza kukumbuka ni msimu gani unga ulianza kumwagika maguniani.

Linganisha kasi hiyo na ile ya mlinganyo uliotolewa na mwanatakwimu R. A. Fisher mwaka 1937 kuhusu kuenea kwa jeni, ambao mwanasayansi J. G. Skellam aliutumia kwa wanyama mwaka 1951:

c = 2√(rD)

Hapa c ni kasi ya kusambaa, r ni kiwango cha kuongezeka kwa mwaka wadudu wakiwa bado wachache, na D ni kipimo cha jinsi wanavyotawanyika. Ili kupata D, waachie wadudu waliotiwa alama, wanase, tafuta wastani wa vipeo vya pili vya umbali waliosafiri, kisha ugawanye kwa mara nne ya muda. Tahadhari kwamba mitego ya feromoni, yaani harufu ambayo wadudu huitumia kuitana, huwavuta wadudu na hivyo hupotosha umbali.

Kwa mfano tu, r ikiwa 2 na D kilomita za mraba 50 kwa mwaka, c ni kilomita 20 kwa mwaka. Kigoma, iliyo kilomita 350 hivi kwa mstari ulionyooka, ingefikiwa baada ya miaka 17 na zaidi. Lakini gunia lililopakiwa kwenye treni ya Reli ya Kati halingoji miaka, na kwa maoni yangu kielelezo cha hesabu kinacholiacha gunia nje hakifai kumshauri mkulima.

Kwa hiyo, kwa kila jozi ya masoko, zidisha tani zinazouzwa upande mmoja kwa tani zinazonunuliwa upande wa pili, ugawanye kwa kipeo cha pili cha umbali wa njia, na matokeo yake yapange uwezekano wa mdudu kuhamishwa. Kila soko linaloambukizwa huwa kitovu kipya kinachotanuka kwa kasi c. Endesha hesabu mwaka baada ya mwaka, mara mia kadhaa kwa bahati nasibu, ukificha kumbukumbu za miaka ya mwisho ili upime utabiri wako kwazo. Halafu rudia ukiwa umeondoa magunia yasiyokaguliwa katika stesheni ya Tabora, uone Kasulu, mji wa mkoani Kigoma, inapata miaka mingapi zaidi kabla ya kufikiwa na dumuzi.