Kanuni za mbio: ijaribu kabla ya kuiamini

Ukijiunga na klabu ya jogingi Dar, wiki ya kwanza tu utajaziwa kanuni: hatua 180 kwa dakika, tua kwa vidole, kunywa maji hata kama huna kiu. Uliza kwanza kila moja ilitoka wapi. Ile ya 180 ilienezwa na kocha Jack Daniels, aliyehesabu hatua za wanariadha kwenye Olimpiki ya 1984 wakiwa mashindanoni. Wewe wa dakika 7 kwa kilomita hukuwemo.

Jaribu kanuni moja kwa wiki tatu. Ukibadili raba na hatua kwa mpigo, goti likiuma hutajua ulaumu nini. Kimbia njia ileile, tuseme kipande cha Toure Drive, saa ileile. Saa 11:30 alfajiri inafaa. Unyevu wa Dar hauachi jasho likauke, hivyo jua likipanda mwili haupoi, na moyo hudunda zaidi kwa kasi ileile. Anayejipima leo alfajiri na kesho saa 3 asubuhi anapima jua, si miguu.

Hatua: hesabu mguu wa kulia unapokanyaga kwa sekunde 30, zidisha kwa 4. Ukipata 160, panda asilimia 5, yaani 168, ubaki hapo. Hatua fupi hulipunguzia goti mzigo, na faida yenyewe ndiyo hiyo. Kutua kwa vidole huuhamishia mzigo kwenye vigimbi na kano ya kisigino. Kama magoti yako ni mazima, ya nini?

Mchanga wa Coco Beach nao husifiwa kuwa laini, ila umeinama. Subiri maji yapwe, na urudi kwa njia uliyoendea ili mguu mmoja usibebe mwinamo peke yake.

Maji: jipime uzito kabla na baada ya kukimbia. Kilo 1 iliyopungua ni takriban lita 1 ya jasho. Ukikuta umeongezeka, umekunywa kupita kiasi. Maji ya ziada huizimua sodiamu (chumvi) ya damu, nayo ikishuka huleta kichefuchefu, hata kuchanganyikiwa.

Andika daftarini muda, kama uliweza kusema sentensi nzima ukikimbia, na maumivu ya asubuhi iliyofuata, 0 hadi 10. Yakivuka 3, au ukichechemea, simamisha jaribio. Maumivu ya nukta moja kwenye mfupa, yanayokuamsha usiku, yapeleke hospitali. Na kwa kuwa eksirei ya wiki za mwanzo inaweza isionyeshe ufa, picha safi isikurudishe barabarani.