Unaanza kuediti filamu? Angalia mashine yako kwanza ndo uchague programu

Wengi wakishamaliza kushuti wanajua kazi imeisha, kumbe mnachokuwa nacho hapo ni klipu tu, filamu yenyewe inatengenezwa mezani.

Hatua ya 1: Programu. Final Cut Pro ni ya Mac na iPad tu, Premiere Pro unailipia kila mwezi au mwaka, DaVinci Resolve ina toleo la bure ambalo kwa filamu fupi linatosha kabisa ila linataka kadi ya picha yenye nguvu (na wa Linux mjue, hilo la bure halisomi H.264, aina ya video inayotoka kwenye kamera na simu nyingi). Laptopu ya kawaida? Kdenlive, bure na haina makuu. Mtu asikutishe kwamba programu ya bei ndo inaleta filamu kali.

Hatua ya 2: Kopi klipu zote sehemu mbili kabla hujafungua chochote. Hapa hakuna mjadala.

Hatua ya 3: Tengeneza proksi, yaani kopi nyepesi za klipu, uediti nazo, ukieksporti programu inarudi kwenye zile kubwa. Video ya 4K (ile yenye picha kubwa sana) ikikwamakwama dawa ni hii, usikimbilie kununua mashine.

Hatua ya 4: Kata. Rangi usiguse bado. Panga sini zote hata kama zinachosha, halafu anza kupunguza. Chukua sini ya mtoto anachungulia dirishani, mama anamwita kutoka ndani: ukikata picha na sauti pamoja inagonga, sasa vuta sauti ya mama ianze sekunde moja kabla hatujamwona, tubaki na uso wa mtoto anavyoshtuka, unaona sini imepata uhai na hujashuti kitu kipya.

Hatua ya 5: Sauti, na hapa ndo wengi wanaanguka, mtazamaji atavumilia picha yenye giza lakini maneno yasiposikika anaondoka. Vilele vya mazungumzo viache kati ya -12 na -6 dB kwenye mita ya sauti ya programu, chini yake laza ule ukimya wa chumba mliorekodi lokesheni, bila huo kila ulipokata panasikika. Klipu za simu sauti ikiachana na midomo, mara nyingi ni idadi ya fremu (picha) kwa sekunde inabadilikabadilika, zipitishe HandBrake, programu ya kubadili video, uchague idadi ya kudumu kisha uingize upya.

Hatua ya 6: Rangi. Sawazisha klipu zifanane kwanza, mbwembwe baadaye.

Hatua ya 7: Eksporti H.264, fremu kwa sekunde zilezile mlizoshutia, kisha itazame yote kwenye simu bila hedifoni.