Jinsi ya Kuchunguza Tope la Mtambo wa Kusafisha Maji Linalomwagwa Mtoni

Mtambo wa kusafisha maji ya kunywa hutumia shabu, ambayo ni chumvi ya alumini, kugandisha chembe za udongo ili zizame katika matangi ya kutuamisha, kisha maji hupitishwa kwenye machujio ya mchanga. Tope la matangi na maji yaliyooshea machujio yanapaswa kupelekwa kwenye mabwawa na kukaushwa. Palipo na uzembe humwagwa kwa bomba moja kwa moja mtoni.

Anayetaka kuthibitisha jambo hilo aanze kwa kujua saa. Machujio huoshwa kwa vipindi, mara nyingi kila baada ya siku moja hadi tatu, na kazi yenyewe huchukua dakika chache tu, ilhali matangi huweza kukaa majuma mengi bila kukombwa. Kwa hiyo ukipita mara moja ukakuta maji safi, hujathibitisha lolote. Andika saa ambayo maji yanayotoka kwenye bomba hilo la mtoni hubadilika rangi, na urudi mpaka ratiba yao ijitokeze.

Siku ya kuchota, chukua sampuli moja juu ya bomba, yaani upande mto unakotokea, na nyingine chini yake, mahali ambapo uchafu umekwisha kuchanganyika na mto. Simama ukiuelekea mkondo, usije ukachota tope ulilolitibua mwenyewe kwa miguu, kisha uhifadhi chupa kwenye barafu na kuiomba maabara ipime alumini pamoja na chembe zinazoelea. Klorini na pH (kipimo cha uchachu wa maji) zipimwe papo hapo: klorini hutoweka upesi, na kiasi kisichomdhuru mnywaji huweza kuua samaki, nayo alumini, ambayo pH ikiwa karibu na 7 hubaki imeshikamana na tope, huyeyuka pH ikishuka chini ya 5.5 na kuharibu matamvua yao.

Mawe nayo yageuzwe, na kwangu mimi hiki ndicho kipimo kigumu kukanushwa. Juu ya bomba utakuta mwani na viluwiluwi vya wadudu vimeng'ang'ania upande wa chini wa jiwe. Chini ya bomba jiwe hilohilo huwa limevikwa tope laini kama uji, linalotimka kwa kuguswa na kidole. Maji machafu hupita kwa saa moja, lakini tope hilo huweza kukaa hadi mto ufurike.

Unapowasilisha taarifa kwa mamlaka ya mazingira, ambatisha picha zenye tarehe na saa, na uulize kibali cha mtambo kinaruhusu nini kumwagwa, na tope likikombwa hupelekwa wapi.