Kuotesha Bonsai ya Msonobari kwa Mbegu

Anayenunua msonobari uliokwisha kukua ili augeuze kuwa bonsai, yaani mti unaolelewa chunguni ubaki mdogo, huurithi pamoja na kasoro zake: shina limenyooka kama nguzo, mizizi imejisokota chini ya chungu, na matawi ya chini yamekauka zamani. Anayeanza na mbegu hutumia miaka mingi zaidi, lakini yeye peke yake ndiye anayeweza kuupata mti wenye mpindo tangu usawa wa udongo na mizizi iliyotandaa pande zote kwa kimo kimoja. Nafasi hiyo hudumu misimu miwili au mitatu tu, kisha shina hukakamaa, na ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye kipindi hicho kuliko kwenye mitindo.

Kwa anayeanza, ningechagua msonobari mweusi wa Japani, ambao jina lake la kisayansi ni Pinus thunbergii, kwa sababu una nguvu, unastahimili joto na upepo wa chumvi, na ukikatwa machipukizi ya mwanzo wa msimu huchipua tena mwaka uleule. Msonobari mwekundu, Pinus densiflora, una tabia hiyo pia. Msonobari mweupe, Pinus parviflora, ambao majani yake membamba kama sindano huota matano matano, hukua polepole na huchipua mara moja tu kwa mwaka. Ule mashuhuri ambao Japani iliizawadia Marekani mwaka 1976, ukiwa umelelewa tangu 1625 na kunusurika bomu la Hiroshima, ni wa aina hiyo, lakini mimi sioni kuwa ni mti wa kujifunzia.

Loweka mbegu kwa saa 24. Zinazozama zihifadhi, na zinazoendelea kuelea nyingi huwa tupu. Kisha zichanganye na mchanga wenye unyevu kidogo, uzifunge katika mfuko wa plastiki, na uziweke kwenye friji kwa mwezi mmoja hadi miwili, kwa maana baridi hiyo huzifanya ziote kwa pamoja badala ya kuchomoza moja leo na nyingine baada ya wiki tatu. Zipande mwanzoni mwa majira ya machipuko, kina cha sentimita 1, katika changarawe laini inayopitisha maji haraka. Adui mkubwa hapa ni kinyausi, ule ugonjwa wa kuvu unaokata mche shingoni na kuulaza chini usiku mmoja, nao hupenda udongo wenye mboji nyingi unaomwagiliwa kila saa.

Wiki chache baada ya kuota, mche huwa na kijishina chembamba kama kijiti cha kiberiti, duara la majani ya mbegu juu yake, na katikati sindano za kweli zinaanza kuchungulia. Shina linapoacha ubichi na kuwa na rangi ya zambarau kuelekea chini, wakati umefika wa kufanya jambo linalowatisha wengi: kuikata mizizi yote. Chukua wembe mpya, ulaze mche juu ya kibao safi, na ukate shina kwa pigo moja, sentimita 1 au 2 chini ya majani ya mbegu. Chovya ncha iliyokatwa katika homoni ya kuotesha mizizi, toboa shimo kwa kijiti cha meno ili homoni isifutike, usimamishe mche, kisha uuweke kivulini penye unyevunyevu. Kwa kuwa mzizi mkuu umeondolewa, mizizi mipya hutoka kuzunguka ule mkato, yote kwa kimo kimoja, na hiyo ndiyo itakayokuwa tako la mti uzeeni. Miche mingine itakufa, kwa hiyo kata mingi kuliko unayohitaji. Nilipofanya kazi hii mara ya kwanza nilikuwa nikiichomoa kila baada ya siku nne kuangalia kama imeota mizizi, na kwa udadisi huo niliiua mingi kuliko wembe ulivyoiua. Iache wiki sita bila kuigusa.

Katika mwaka wa pili, hamishia kila mche kwenye chungu chake chenye mchanganyiko wa chembechembe kama pumisi na mawe ya volkeno, ukitandaza mizizi kwa vidole. Shina linapokaribia unene wa penseli, lizungushie waya wa alumini kwa mzingo wa nyuzi 45 hivi, ukiuchomeka mwisho wake udongoni, na mpindo wa kwanza uwe chini kabisa, kwa sababu sehemu hiyo ndiyo itakayokataa kupinda kabla ya nyingine. Pindisha mbele na nyuma pia, wala si kushoto na kulia peke yake kama nyoka aliyechorwa ukutani. Uondoe waya unapoanza kuzama katika gome.

Shina hunenepa kwa wingi wa majani yaliyo juu yake. Kwa hiyo teua ncha moja iwe tawi la kafara, yaani la kunenepesha shina kisha likatwe, uliache likimbie hata mita 1 na zaidi, huku ukipogoa sindano zake za chini ili lisiyatie kivuli matawi madogo yaliyo karibu na udongo. Hayo madogo yalinde kama mboni ya jicho, maana msonobari ni nadra kuchipua kwenye sehemu kuukuu ya tawi isiyo na sindano. Ukiyapoteza, mti mzima unaoukusudia umekwenda nayo.

Kukata machipukizi marefu ya mwanzo wa kiangazi, ili yafuate mengine mafupi yenye sindano fupi, ni kazi ya mti mweusi au mwekundu ulio na afya na ambao shina lake limekwisha kufikia unene uliotakiwa. Usiifanye kwa msonobari mweupe. Majira ya kupukutika yakifika, bakiza machipukizi mawili kwa kila ncha na upunguze sindano za zamani zaidi sehemu za juu, ambako nguvu hukimbilia, kuliko za chini.

Chungu chenyewe cha bonsai, kile kifupi na kipana, kisubiri hadi tawi la kafara limekatwa na kidonda chake kimeanza kufunga, kwa kuwa mti ukishaingia humo hupunguza mwendo. Uhamishe mwanzoni mwa machipuko, na ukiona utando mweupe wa kuvu kwenye mizizi, bakiza sehemu ya udongo ule wa zamani, kwa maana kuvu hao huisaidia mizizi kunyonya maji na chakula.