Namna ya Kupanda Mzambarau na Kuandaa Unga wa Makokwa Yake

Anayetaka kupanda mzambarau ajue kwanza kwamba kokwa lake haliwekwi akiba. Mahindi na maharage yakikaushwa vizuri hungoja ghalani hadi msimu ujao, lakini kokwa la zambarau likikauka hufa, na kwa kawaida wiki mbili baada ya kutolewa katika tunda huwa limeshapoteza nguvu ya kuota. Kwa hiyo andaa kitalu kabla ya msimu wa matunda, si baada yake.

Chagua mti unaozaa matunda makubwa, yenye nyama nyingi na ukakasi mdogo, kisha uokote yale yaliyoiva hadi kuwa meusi. Yamenye, osha makokwa mpaka utelezi uishe, na uyapande siku hiyohiyo au kesho yake, kokwa moja katika kila kiriba (mfuko wa kuoteshea miche), kwa kina cha sentimita 4 hivi, kwenye udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Weka viriba kivulini na udumishe unyevu bila kutuamisha maji. Machipukizi huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi sita, na mara nyingi kokwa moja hutoa miche miwili au zaidi. Bakiza ule wenye nguvu, mingine uing'oe ingali midogo ili mizizi isisongamane.

Mche wa kokwa huchukua miaka 8 hadi 10 kabla ya kuzaa. Asiyeweza kungoja kiasi hicho atafute miche iliyobebeshwa vikonyo, yaani iliyounganishwa na vijitawi, vya mti unaozaa vizuri, ambayo huzaa mapema zaidi. Nchini India wakulima wa biashara hutegemea miche ya aina hiyo, kwa kuwa huupa kila mti wa shambani matunda ya ubora uleule.

Mahali pa kupanda pafikiriwe kwa makini kuliko hatua nyingine yoyote. Mzambarau, ambao ni wa jenasi moja na mkarafuu, hukua ukawa mti mkubwa wenye kivuli kizito na unaweza kuishi miaka mingi kuliko aliyeupanda. Uache umbali wa mita 10 kutoka mti mwingine, na usiupande karibu na nyumba, kisima au uwanja uliosakafiwa, kwa sababu matunda yanayodondoka huacha madoa yasiyotoka kirahisi. Ndege na popo hubeba makokwa mbali. Huko Afrika Kusini na Hawaii umeenea porini hata ukahesabiwa miongoni mwa mimea vamizi, na ndiyo maana haifai kuupanda kandokando ya mto au msitu wa asili.

Panda mwanzoni mwa mvua katika shimo kubwa, mita 1 kila upande ukiweza, lililojazwa udongo wa juu na samadi. Mwagilia miaka ya mwanzo na uweke matandazo. Mti ukishakomaa huvumilia ukame, na hata maji yanayotuama kwa muda. Usiulishe mbolea kupita kiasi, kwani mti ulioshiba sana hutoa majani tele na kuchelewa kuchanua. Hali ya ukavu wakati wa maua na kufunga matunda ndiyo inayouletea mavuno mazuri. Wakati wa kuchuma, tumia ngazi na upondo badala ya kukanyaga matawi, ambayo hukatika ghafla na yamewaangusha watu wengi.

Matunda hayakai zaidi ya siku mbili au tatu, lakini makokwa ambayo walaji wengi huyatema yana matumizi ya kale katika Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi. Mti huu asili yake ni Bara Hindi na nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, na kitabu cha kale cha Charaka Samhita kinauweka, kwa jina la jambu, miongoni mwa mimea kumi ya kupunguza mkojo. Waganga wa Ayurveda hutumia unga wa kokwa kwa ugonjwa wa kisukari, na maji ya magome ya mti yaliyochemshwa kwa kuhara.

Kuandaa unga huo, osha makokwa, yaanike mpaka yawe makavu kabisa, uondoe ganda jembamba la nje, uyatwange, kisha uchekeche kwa chekecheo laini. Hifadhi katika chupa kavu yenye kifuniko kinachobana, na utupe unga wowote ulioota ukungu au kubadilika harufu.

Hapa nasisitiza kwa dhati: unga huu si mbadala wa insulini wala vidonge. Ushahidi wa kitabibu kuhusu nguvu yake kwa binadamu bado ni mdogo, na majaribio ya Brazil yaliyotumia chai ya majani ya mti huu hayakuonyesha kwamba ilishusha sukari. Mgonjwa anayetumia dawa za kisukari asianze kuutumia kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa sababu viwili hivyo vikikutana sukari inaweza kushuka kupita kiasi, na akihisi kutetemeka, jasho jembamba au kizunguzungu ale kitu chenye sukari papo hapo na kwenda hospitali. Wajawazito na wanaonyonyesha wasiutumie bila ushauri wa daktari.