Kabla hujampeleka mzazi wako kupasuliwa jicho

Kwanza hakikisha kweli ni mtoto wa jicho. Wazee wetu ukungu ukiwashika husema macho yamechoka, na wanaishia hapo. Mtoto wa jicho ni lenzi ya ndani iliyoingia ukungu. Inatolewa, inawekwa lenzi bandia, mtu anaona. Presha ya macho ni jambo jingine kabisa: inaua mshipa wa kuonea, na kilichopotea hakirudi. Mtu mmoja anaweza kuwa nayo yote mawili. Muulize daktari waziwazi, mgonjwa mwenyewe akisikia: tukimaliza, jicho hili litaona kiasi gani? Pata jibu hilo kabla ya kuanza kuchangisha familia.

Matone hayaondoi mtoto wa jicho. Asali haimwondoi, wala maji ya majani, wala dawa ya yule anayepita na kisanduku chake sokoni Kadutu, hapa Bukavu. Na habari ya kungoja "aive kwanza" ni ya zamani. Akikomaa kupita kiasi, upasuaji ndio unakuwa mgumu.

Taja dawa zote anazotumia mgonjwa, hata zile anazoona haya kuzitaja. Za sukari, za presha ya damu, za kufanya damu iwe nyepesi. Kwa akina baba, taja dawa ya tezi dume inayoitwa tamsulosini, hata kama aliiacha zamani, kwa sababu hulegeza misuli inayozunguka mboni na daktari lazima ajiandae. Akiwa na kikohozi kikali au jicho linatoa tongotongo, sema, heri kuahirisha.

Kama unalipa kwa dola, kagua noti moja moja ukiwa nyumbani. Iliyochanika hata kidogo wataikataa, unajua mwenyewe.

Chagua garde-malade mmoja, yaani mtu wa kumwuguza, si watano wanaopokezana. Awe mtu anayejua kusoma saa, maana matone yana saa zake na yanaendelea kwa karibu wiki nne. Anawe mikono kwa sabuni, avute kope ya chini, atie tone moja, mdomo wa chupa usiguse jicho. Zikiwa chupa mbili, angoje dakika 5 katikati.

Siku yenyewe mweleze mgonjwa mapema, asishtuke. Halazwi usingizi, anapigwa ganzi kando ya jicho. Uso unafunikwa kitambaa, anaona taa kali, anasikia madaktari wakiongea, anahisi kubonyezwa. Mara nyingi haifiki hata nusu saa. Akitaka kukohoa, aseme kwanza, asijitikise. Bandeji ikitolewa kesho yake, ukungu kidogo bado upo, na rangi zinaonekana kali kuliko alivyozoea. Miwani ya kusomea huenda akaihitaji bado, lakini hiyo hupimwa baada ya wiki kadhaa, jicho likishatulia.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Panga safari ya kurudi hospitali kabla ya kupanga safari ya kwenda nyumbani.

Shangazi yangu anakaa Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu. Kwa miaka alikuwa anashikwa mkono hata kwenda nyuma ya nyumba. Tukachanga, akavuka ziwa, akapasuliwa hapa Bukavu. Asubuhi walipomfungua bandeji alinitazama, akasema, "Umeota mvi, na hukuniambia." Tulilia wote wawili. Siku ya tatu akataka kwake: mbuzi, mihogo, wajukuu. Tulikuwa tumeambiwa turudi baada ya wiki, nami nikaona boti ya kwenda ipo, ya kurudi ipo, shida iko wapi. Nikamsindikiza mpaka bandarini.

Usiku wa siku ya tano akanipigia simu. Jicho linauma, akasema, kama limetiwa kaa la moto. Nikamjibu maneno niliyozoea kuyasikia: "Vumilia, shangazi, kidonda kinapona." Kesho yake akasema anaona kama maziwa. Ziwa lilikuwa limechafuka, boti haikutoka. Alifika siku ya saba. Daktari akamulika, akanyamaza, kisha akaniuliza maumivu yalianza lini. Nilipomwambia, aliweka taa chini. Ndani ya jicho mlikuwa na usaha. Walimchoma sindano ya dawa humo humo jichoni. Maumivu yakapoa, lakini jicho lile halikuona tena.

Maambukizi ya namna hiyo huwapata wachache, chini ya mtu 1 kati ya 100, na mara nyingi huanza ndani ya wiki ya kwanza. Dawa yake ipo, ila ni ya kuwahiwa kwa saa, si kwa siku. Laiti ningalijua tofauti! Jicho kukwaruza kama lina mchanga ni kawaida, na kila siku linapungua. Maumivu yanayoongezeka si kawaida. Wekundu unaozidi, usaha, nuru inayofifia baada ya kuwa imerudi: ondoka saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane ya usiku wa Jumapili.

Kwa hiyo mgonjwa wa mbali akae mjini wiki nzima ya kwanza, kwa ndugu, kwa wakristo wenzake, popote. Andika namba ya simu ya hospitali kwenye karatasi, simu huzima. Nauli ya pikipiki ya usiku itenge peke yake, isiguswe hata kwa chumvi. Kila asubuhi mkalishe mahali pale pale, azibe jicho la pili, atazame kalenda ile ile ukutani. Jana alisoma tarehe, leo haoni hata picha? Nendeni.

Jicho la pili la shangazi lilipasuliwa mwaka uliofuata. Alikaa kwangu mwezi mzima akinung'unika, nami sikumwachia. Sasa analima, na mbuzi wake anawahesabu mwenyewe.

Mengine unayajua. Asitwange sombe, yale majani ya mihogo, asibebe bidoni la maji, asiinamie moshi wa makaa. Asiingize maji jichoni anapooga. Usiku alale na kile kikinga jicho, maana mkono wa aliyelala haujui kukatazwa. Kiangazi vumbi la barabara zetu ni jingi, avae miwani hata kwenye pikipiki. Matone ya jirani aliyepona msiyaguse. Chupa iliyomaliza mwezi tangu ifunguliwe itupwe. Na ukiona mtoto ana weupe katikati ya mboni, usingoje akue, mpeleke wiki hii hii.